Kabla hujajaza kombi yenye fizikia: mwongozo kamili wa kujipima kwa uzi, nati na daftari

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka tu, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja. "Shikamoo mwalimu. Nimepata B ya fizikia. Niende PCM?" PCM ni kombi, yaani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano na sita: fizikia, kemia na hisabati. Nikimuuliza anapenda nini kwenye fizikia, ananyamaza, au ananiambia kwamba mjomba wake alisema ina kazi.

Alama ya B haiwezi kujibu swali hilo. Inaonyesha kwamba unaweza kufanya mtihani wa fizikia, lakini wanafunzi wengi wanaonijia hawajawahi kufanya kazi ya mwanafizikia hata siku moja. Wamekariri fomula, na kwenye praktiko wamepika data: wanajua g, yaani mchapuko wa kitu kinachoanguka, inatakiwa iwe 9.8, basi wanarudi nyuma na kupanga vipimo hadi 9.8 itoke. Halafu wanafika kidato cha sita, au mwaka wa pili chuoni, wamechoka na hawajui kilichowachosha.

Mwanafizikia anapima kitu, anasema kipimo chake kina shaka kiasi gani, kisha anatafuta kosa mpaka alishike. Hiyo kazi unaweza kuijaribu nyumbani kwa siku 10, kwa kuipima g kwa penduli, yaani nati inayobembea kwenye uzi. Ifanye kwanza, ndipo ujaze kombi.

Mwongozo huu ni wa aliyemaliza kidato cha nne Tanzania. Aliye Kenya, anayefikiria mkondo wa STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), hatua za upimaji ni zile zile. Mzazi naye asome, hasa Hatua ya 7.

Vifaa

- Uzi mwembamba usiovutika, mita 1 na nusu. Uzi wa kushonea magunia unafaa sana. Usitumie lastiki wala sufi.
- Nati moja nzito ya chuma. Omba gereji yoyote, watakupa.
- Futi kamba ya fundi cherehani. Ilinganishe kwanza na rula ya chuma au ya plastiki ngumu, kwa sababu futi za kitambaa zikizeeka huvutika.
- Vibao viwili vidogo na msumari.
- Simu yenye saa ya kuhesabia sekunde. Hata kitochi kinatosha.
- Daftari lililoshonwa na kalamu ya wino.
- Karatasi ya grafu, rula na kikokotoo.

Hatua ya 1: Andaa daftari kabla ya kugusa uzi

Andika tarehe, saa, mahali ulipo na vifaa ulivyo navyo. Chora jedwali: urefu wa uzi, muda wa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, wastani.

Nimesema wino na daftari la kushonwa kwa makusudi. Penseli inafutika, na karatasi inachanika. Kipimo ukikiona kibaya, kipitishie mstari mmoja ili kiendelee kusomeka, kisha andika pembeni kwa nini umekikataa. Kama huna sababu ya kuandika, huna ruhusa ya kukikataa.

Umefaulu kama: mtu mwingine akilichukua daftari lako anajua afanye nini bila kukuuliza.

Hatua ya 2: Ning'iniza penduli

Funga nati kwenye uzi. Ncha ya juu usiifunge moja kwa moja kwenye msumari. Ibane katikati ya vibao viwili, halafu uvikaze vibao kwenye fremu ya mlango au boriti isiyotikisika.

Sababu yake ni kwamba uzi uliofungwa msumarini hujizungusha, na sehemu unakoning'inia inahamahama kila nati inapokwenda na kurudi. Ukibanwa na vibao, unajua kabisa urefu unaanzia wapi.

Angalia upepo. Feni izimwe, mlango wa pili ufungwe.

Umefaulu kama: nati inakwenda na kurudi kwenye mstari mmoja, haichori duara, na fremu haitingishiki.

Hatua ya 3: Pima urefu hadi katikati ya nati

Urefu unaanzia pale vibao vinapoachia uzi na kuishia katikati ya nati. Hauishii kwenye fundo wala chini ya nati. Anza na sentimita 100. Pima nati ikiwa inaning'inia, kwa sababu uzito wake unaunyoosha uzi.

Kosa la sentimita 1 kwenye 100 ni asilimia 1. Kosa hilo hilo kwenye sentimita 25 ni asilimia 4. Ndiyo maana tunaanza na uzi mrefu.

Umefaulu kama: umepima mara tatu, ukiiondoa futi kila mara, na tofauti haizidi nusu sentimita.

Hatua ya 4: Pima muda

Wengi huangukia hapa, kwa hiyo tutaenda taratibu.

Chora alama ya chaki ukutani, nyuma kabisa ya nati inapokuwa imetulia. Ivute nati kando kidogo, pembe isizidi nyuzi (digrii) 10. Kwa uzi wa mita 1 ni kama sentimita 17, sawa na shubiri ya mtoto. Iachie bila kuisukuma. Iache iende mara mbili tatu ili itulie.

Sasa tazama alama ya chaki. Nati ikiipita kuelekea kulia, sema "sifuri" na uwashe saa. Ikirudi na kuipita tena kuelekea kulia, sema "moja". Endelea hadi "ishirini", uzime saa.

Kila kitu hapo kina sababu yake.

Tunatumia alama ya katikati, na si mwisho wa mbembeo, kwa sababu nati inapita katikati kwa kasi, na unajua hasa imepita sekunde gani. Kule mwisho inasita, na jicho nalo linasita.

Mibembeo ni 20 na si 1 kwa sababu kidole chako kinachelewa. Kati ya kuwasha na kuzima unaweza kukosea sekunde 0.2. Mbembeo mmoja wa uzi wa mita 1 huchukua kama sekunde 2, kwa hiyo kosa hilo ni asilimia 10. Katika mibembeo 20 huchukua kama sekunde 40, na kosa lile lile linakuwa asilimia 0.5. Hujanunua kifaa kipya, umebadilisha tu namna ya kuuliza.

Nyuzi 10 zina sababu pia. Fomula tutakayotumia inakubali mbembeo mdogo tu. Ukivuta hadi nyuzi 45, muda unaongezeka kwa karibu asilimia 4 na hesabu yote inapinda.

Rudia mara tatu. Usimwambie msaidizi wako ulipata ngapi mara ya kwanza, maana atavuta kidole kuelekea huko bila kujijua.

Umefaulu kama: vipimo vitatu havipishani zaidi ya nusu sekunde. Kwa mfano 40.1, 40.4 na 40.1.

Hatua ya 5: Tafuta g

Gawanya wastani kwa 20 upate muda wa mbembeo mmoja, T. Kwa mfano wa juu, wastani ni 40.2, na T ni 2.01.

Kisha: g = 39.48 × urefu kwa mita ÷ (T × T)

Namba 39.48 ni 4 mara pai mara pai. Kwa mfano wetu: 39.48 × 1.00 ÷ 4.04 = 9.77.

Hiyo ni g, mchapuko wa kitu kinachoanguka, mita kwa sekunde kwa sekunde. Kitabu chako kinasema 9.8, au hata 10. Thamani yake halisi inategemea ulipo. Kwenye ncha za dunia ni kama 9.83, na huku kwetu karibu na Ikweta ni kama 9.78, kwa sababu dunia inajizungusha na imetuna katikati. Kwa uzi wa gunia na nati ya gereji umekaribia sana kuiona tofauti hiyo. Bado hujaiona, na Hatua ya 6 itakuonyesha kwa nini.

Hatua ya 6: Jibu likikataa, usilipike

Miaka michache iliyopita binti mmoja wa kidato cha nne alinijia na daftari lake. Alipata 10.8. Alirudia, akapata 10.8. Akarudia tena. Machozi yalikuwa yanamlenga. Akaniuliza, "Mwalimu, naandika 9.8 niendelee?" Nikamwambia aning'inize nati mbele yangu. Akaivuta, akaiachia, akasema "moja" huku akiwasha saa.

Nilinyamaza nikamwacha amalize. Alipofika "ishirini" alizima saa, akaangalia vidole vyake, akaanza kuhesabu tena polepole. Kisha akasema, "Mibembeo ni kumi na tisa." Alikaa chini pale pale, akafanya hesabu upya kwa 19, na 9.8 ikatoka yenyewe. Sijawahi kuisahau sura yake ile. Angeandika 9.8 tangu mwanzo, asingejua kamwe kwamba hajui kuhesabu kuanzia sifuri.

Kila kosa lina alama yake. Tafuta lako hapa:

- Umepata karibu 10.8: umeanza kuhesabu na "moja".
- Umepata karibu 39: umehesabu kila nati inapopita alama, kwenda na kurudi. Hiyo ni nusu ya mbembeo.
- Umepata kati ya 9 na 9.5 kwa uzi mrefu: pengine umevuta nati mbali mno.
- Jibu liko karibu na 9.6 kwa uzi mrefu, na linashuka kadiri unavyofupisha uzi: umepima urefu hadi kwenye fundo, si katikati ya nati.
- Vipimo vinaruka ovyo, mara 9.2 mara 10.3: fremu inatikisika, kuna upepo, au unapima mwisho wa mbembeo.

Ukishalipata kosa, rudia kwa sentimita 75, 50 na 25. Muda wa mibembeo 20 utakuwa karibu na sekunde 34.8, 28.4 na 20.1.

Sasa chora grafu. Urefu kwa mita uende mlalo, T × T iende wima. Pitisha mstari ulionyooka kati ya nukta zako, bila kuulazimisha upite kwenye sifuri. Mteremko wake utakuwa karibu na 4.04, na g ni 39.48 ukigawanya kwa mteremko huo.

Naipenda grafu hii kwa sababu moja. Kama ulipima hadi kwenye fundo, ukapunguza urefu kwa sentimita 1.5, kila uzi utakuwa na kosa lile lile, na mstari wote utasogea: utakata mhimili wa wima juu kidogo ya sifuri. Lakini mteremko haubadiliki. Yaani grafu inakuonyesha kosa lako, na papo hapo inakupa g sahihi licha ya kosa hilo. Mtu aliyeliona hilo kwa mkono wake mwenyewe hasahau tena grafu ni ya nini.

Mwisho, sema shaka yako. Muda: asilimia 0.5, lakini T inazidishwa kwa yenyewe, kwa hiyo inakuwa 1. Urefu: nusu sentimita katika 100, asilimia 0.5. Jumla 1.5. Asilimia 1.5 ya 9.77 ni kama 0.15. Andika: g = 9.77, toa au ongeza 0.15. Shaka hiyo ni kubwa kuliko tofauti kati ya Ikweta na ncha za dunia, ambayo ni 0.05 tu. Ndiyo maana nilisema bado hujaiona.

Umefaulu kama: jibu lako lina namba mbili, thamani na shaka yake, na unaweza kumweleza mdogo wako kila moja imetoka wapi.

Hatua ya 7: Jisome mwenyewe

Kabla ya kufunga kazi, fanya siku mbili za swali lako mwenyewe. Je, nati mbili pamoja zinabadilisha muda? Mbembeo hupungua baada ya dakika ngapi? Wengi watataka kukimbilia swali la Erasto Mpemba, Mtanzania aliyeuliza akiwa mwanafunzi kwa nini maji moto huganda kabla ya baridi. Ni swali letu na ninalijivunia, lakini usianze nalo. Chombo, barafu ya ndani ya friji na mahali unapoweka kikombe vyote vinaingilia, na hadi leo watafiti wakubwa hawajakubaliana.

Halafu kaa na daftari lako ujibu maswali haya kwa maandishi:

- Jibu lilipokataa, ulitaka kujua kwa nini, au ulitaka liishe?
- Kuna wakati ulisahau kula?
- Kulikuwa na kipimo ulichotamani kukibadilisha? Ulikibadilisha?
- Hesabu ilikuwa chombo mkononi mwako, au ukuta mbele yako?

Kama ulitaka liishe tu, na kila siku ilikuwa mzigo, hiyo nayo ni habari njema kwa sababu imekuja mapema. Uhandisi, udaktari, kilimo na tekinolojia ya habari vyote vinahitaji fizikia kidogo au nyingi, lakini havikutaki uishi ndani yake.

Mzazi, naomba umwachie mtoto majibu haya. Soma daftari lake, kisha muulize kosa lake gani alilipata na alilipataje. Akieleza kwa dakika 10 bila kukuangalia usoni, umeshapata jibu.

Hatua ya 8: Chagua kombi

PCM ndiyo inayofungua milango mingi zaidi kwa mtu anayetaka fizikia yenyewe, kwa sababu ina hisabati ya juu. PGM (fizikia, jiografia na hisabati) ni nzuri kwa anayevutwa na hali ya hewa, matetemeko au yaliyo chini ya ardhi. PCB (fizikia, kemia na baiolojia) ina fizikia, lakini hisabati yake ni BAM, yaani hisabati tumizi ya msingi, na kozi kadhaa za fizikia chuoni zinadai hisabati ya juu. Anayetaka fizikia ya tiba akadhani PCB ndiyo njia, kwa sababu ya neno "tiba", anaweza kujifungia mlango bila kujua.

Kwa hiyo, kabla ya kubonyeza chochote kwenye mfumo wa TAMISEMI wa kuchagua kombi, fungua mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) wa mwaka huu. Tafuta kozi tatu unazozitaka, usome sifa za kujiunga za kila moja. Tembea kinyumenyume: kozi kwanza, kombi baadaye.

Fedha: zaidi ya mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu), upo ufadhili wa Samia kwa wanaofanya vizuri sana sayansi kidato cha sita. Baada ya shahada ya kwanza, taasisi ya EAIFR mjini Kigali inafundisha uzamili wa fizikia kwa watu wa ukanda wetu, na kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia, ICTP, mjini Trieste, Italia, kina diploma ya mwaka mmoja kwa wahitimu wa nchi zinazoendelea, kwa ufadhili.

Umefaulu kama: una kozi tatu zilizoandikwa, na kombi yako inakidhi angalau mbili.

Hatua ya 9: Nenda ukaione kazi

Matangazo ya ajira yanayoandika "mwanafizikia" ni machache. Usikate tamaa kwa hilo, tafuta majina mengine. Wakala wa Vipimo wanakagua pampu za mafuta na mizani ya sokoni. Mamlaka ya Hali ya Hewa wanapima anga. Tume ya Nguvu za Atomiki, yenye maabara Arusha, wanapima mionzi kwenye vyakula na kwa wafanyakazi wa eksirei. Olkaria, Kenya, wanajiofizikia husoma jinsi miamba inavyopitisha umeme ili kujua pa kuchimba kisima cha mvuke. Na shule zinahitaji walimu wa fizikia. Nimeifanya kazi hiyo miaka yote, na siioni kuwa ya kujishikiza.

Ninayotaka uione kwa karibu ni kazi ya mwanafizikia wa tiba, kwenye hospitali zenye tiba ya saratani kwa mionzi kama Ocean Road (Dar es Salaam) na Bugando (Mwanza). Chukua mashine ya kobalti-60. Nguvu ya chanzo chake cha mionzi hupungua nusu kila miaka 5.27, yaani asilimia 1 hivi kila mwezi na zaidi ya 12 kwa mwaka. Mgonjwa aliyehitaji sekunde 100 mwaka jana, leo anahitaji kama 114. Lazima kuwe na mtu wa kupima, kukokotoa na kusaini kabla mashine haijawashwa. Dozi inatakiwa iwe ndani ya asilimia 5 hivi ya ile aliyoandikiwa mgonjwa. Binti yangu wa 10.8 alikosea mbembeo 1 katika 20, ambayo ni hiyo hiyo asilimia 5. Njia ya kuwa mwanafizikia wa tiba ni ndefu: shahada ya kwanza, uzamili, na kwa kawaida miaka 2 ya mafunzo hospitalini.

Andika barua fupi ya kuomba kutembelea ofisi moja iliyo karibu nawe. Taja shule yako, siku unayopendekeza, na kwamba utakaa saa moja tu. Barua ipitie kwa mwalimu wako, maana yenye muhuri wa shule hujibiwa haraka zaidi. Hospitalini usitegemee kuingia chumba cha mashine. Kuna sheria za usalama, na hiyo ndiyo moja ya mambo ya kuuliza.

Ukifika, usianze na mshahara. Uliza: leo asubuhi umepima nini? Ulijuaje kwamba kifaa chako hakidanganyi? Mara ya mwisho kipimo kilikataa, ulifanyaje? Baada ya hayo uliza mshahara, na uulize wazi, kwa sababu ni haki yako kujua.

Umefaulu kama: umetoka na majibu ya maswali hayo matatu kwenye daftari lile lile la penduli, yameandikwa kwa wino.